Mkono wa Koplo Hutoka Mwisho

Kisiwa cha Silani
12 Mei 1944

Dada yangu Mwanatumu,

Shikamoo, pokea mkono wangu kutoka mbali. Ukitaka kujua hali yangu, mwili mzima, ila nimechoka kuamulia watu wenye ndevu zao wanaopigana kwa sababu ya chai.

Naam, chai. Nimefanywa koplo. Nimekabidhiwa watu watatu na bombomu moja, ile bunduki ya kumimina risasi. Haiendeshwi na mtu mmoja. Mmoja hulenga, mwingine huilisha risasi, mwingine hubeba masanduku, wa nne huangalia mbele. Wakinuniana hawa, sote tumekufa. Sasa sikiza walivyo. Chengo ni Mrabai, mtoto wa Nyevu yule auzaye nazi Makadara. Mung'aro ni Mgiriama, mrefu, kucheka kwake ni kwa msimu. Dishon ni Mtaita, mtu wa kanisa, fundi wa bati. Chengo na Mung'aro wanatupiana maneno tangu melini, na Dishon hula amewapa mgongo. Kila mtu na bakuli lake, kila mtu na pembe yake.

Afande Mzungu aliniambia niwatie adabu. Nikawakimbiza na masanduku kichwani mpaka wakatapika. Jioni wakarudi pembeni kwao kula, vile vile.

Basi nikafanya la kwetu. Nilimwomba Dishon agonge kifuniko cha pipa mpaka kiwe sinia, nikamwaga wali wote humo. Nikawaambia: hapa ni nyumbani kwangu, na kwangu hakuna mabakuli. Kila mtu ale upande wake, na asiinuke hata mmoja mpaka wote washibe. Mwenyeji mkono wake hutoka mwisho, kama alivyokuwa marehemu baba, ili mgeni mwenye njaa asione haya. Ukishiba mapema, chezesha vidole kwenye wali, mngoje mwenzio. Kisha maji yapite, wote tunawe, tumshukuru Mungu, ndiyo mwisho wa chakula.

Siku za kwanza walikula kimya kama wako matangani. Halafu siku moja Mung'aro akamsukumia Chengo kipande cha samaki, bila neno. Tangu hapo, dada, hawaachani. Hata kuchota maji wanakwenda wote.

Nimewapigia sifa sinia lako la shaba mpaka wanaliota. Je, niwaahidi?

Ndugu yako,
Badawi


Kibokoni, Mombasa
3 Julai 1944

Ndugu yangu Badawi,

Marahaba, na Mungu akulinde na hao wapiganiao chai. Ati koplo! Wewe uliyekuwa ukitumwa chumvi ukarudi na gololi?

Umenifanya nicheke, kisha nikalia kidogo, kwa sababu ya hilo la baba. Nakumbuka alivyokuwa akichezesha vidole kwenye wali hata sinia likawa tupu, mgeni bado anatafuna.

Wali wenyewe shida. Mchele wa Rangoon, huko Bama, haupatikani tena, Mhindi dukani ananipimia sembe ya manjano kama dawa. Watu wanasema huko mwendako ndiko mchele ulikokuwa ukitoka, basi mtuletee gunia. Lakini cha wageni wako hakikosekani, nitauza hata herini.

Waambie hivi, kwa maneno yangu: mimi Mwanatumu binti Kamaludin nimewakaribisha. Wasingoje kualikwa mara ya pili. Hata wakitangulia wao na wewe ukachelewa, waje Ijumaa baada ya swala, wapige hodi, sinia watalikuta limetandikwa. Mimi nitakuwa nyuma ya pazia kama ada. Nyuso zao sitaziona, lakini mikono nitaiona, nami nitajua nani hajashiba.

Patasi zako nimezipaka mafuta. Mlango wa Abdulghafur uliouacha nakshi nusu bado umeegemea ukutani. Kila akipita yuwaniuliza fundi wake arudi lini, nami namwambia hakuna mkono mwingine Mombasa utakaoumaliza.

Dada yako,
Mwanatumu


Mahali penye mvua
20 Septemba 1944

Dada yangu,

Nilipo siruhusiwi kupataja. Kuna msitu, kuna matope, na kuna watu wanaotutafuta kama sisi tunavyowatafuta.

Barua yako niliwasomea wote. Nilipofika pale pa "wasingoje kualikwa mara ya pili", Chengo alisimama akapiga saluti. Mung'aro akauliza kama samaki atakuwepo. Ndiyo, Mung'aro aliuliza, kwa sauti kabisa! Dishon akasema ukimlisha atakuzibia kila sufuria inayovuja.

Leo nimefanya jambo, na sijui kwa nini linanikaa moyoni. Tulikuwa tunakula kando ya mto, wali na dengu, sinia halijafika nusu. Ikaja amri: inukeni, sasa hivi. Watu wakanitazama. Sheria yangu wanaijua, hakuna kuinuka kabla ya wote kushiba. Nikaona kama nikisema "inukeni" nitavunja kile nilichokijenga kwa miezi, na usiku huu nawahitaji wawe kitu kimoja. Basi nikawaambia: "Chakula hiki hakijaisha. Hatunawi. Jifuteni kwenye suruali. Tutakimalizia Mombasa, kwa dada yangu, na huko ndiko tutakakonawa."

Wakacheka. Wakaapa mmoja mmoja, kila mtu kwa Mungu wake. Tukaondoka wali ukiwa vidoleni.

Mvua imeshatuosha, bila shaka. Lakini kunawa kwa kufunga chakula hatukunawa.

Niombee dua.
Badawi


Kibokoni, Mombasa
10 Novemba 1944

Ndugu yangu Badawi,

Wageni wako wameanza kuja! Mbona hukuniambia wamepewa likizo? Ningetafuta kuku.

Ijumaa iliyopita, watu wametoka msikitini, jua la utosi, nikasikia hodi. Nami kama nilivyozoea nikaitika "karibu" kabla sijauliza nani. Sauti ikasema, "Chengo, mtu wa koplo." Nikamwambia akae mkekani sebuleni, nikasukuma sinia chini ya pazia. Nilichungulia kidogo, usinilaumu. Mkono mwembamba, kucha zimejaa udongo mwekundu, na punje za wali zimemkaukia vidoleni. Nikacheka nikamwambia, "Mwanangu, huo wali wa wapi? Ngoja nikuletee maji." Akasema, "La, mama. Koplo hajainuka."

Nikamuuliza habari zako. Mkono ulikuwa unachezacheza tu kwenye wali.

Alasiri nilipoinua pazia hayupo. Wali una alama za vidole, lakini haukupungua. Mkeka ulikuwa umelowa chepechepe, na mvua siku ile haikunyesha. Na mlango, Badawi, ulikuwa na komeo kwa ndani. Nimejaribu kukumbuka nani alimfungulia, sikumbuki.

Leo wamekuja wawili. Wa pili mkono mrefu, hasemi, nikajua ni Mung'aro, nikamwekea samaki upande wake. Sebule ilikuwa na baridi hata nikajitanda shuka mchana wa jua. Nikapitisha maji, wote wawili wakarudisha mikono nyuma. "Koplo hajainuka." Basi wana adabu hao! Umewafunza vizuri, ila waambie likizoni si lazima wateseke kwa kiapo.

Kesho nakwenda Makadara kumpa Nyevu hongera ya mwanawe.

Dada yako,
Mwanatumu


Hospitali
19 Desemba 1944

Dada,

Mimi mzima. Hati mbaya ni kwa sababu ya homa.

Barua yako nimeipata. Usiende kwa mamake Chengo, nakuomba sana. Wale wakija tena wape chakula, usiwafukuze, na usiwaulize habari zangu.

Nijibu neno moja tu. Bado hawajanawa?

Badawi


Kibokoni, Mombasa
26 Januari 1945

Kwa wewe uliyeandika kwa jina la ndugu yangu,

Sijui u nani. Pengine u askari mwenzake mwenye huruma, pengine karani wa hospitali. Nia yako nimeiona. Lakini hati ya Badawi naijua, mimi ndiye niliyemfunza herufi, nikimpiga vidole kwa ubao. Hii yako inaanguka huku na huku kama ya mtoto aliyeingia chuoni jana. Homa haigeuzi mkono wa mtu namna hii.

Na onyo lako limechelewa. Nilimkuta Nyevu ameketi mbele ya nazi zake, nami kwa furaha yangu ya kijinga nikamwambia, "Hongera, mwenzangu! Mwanao amerudi, amekula kwangu Ijumaa mbili." Alipanga nazi zake, akazipanga tena. Kisha akaniuliza, "Mwanatumu, nimekukosea nini?" Mtu wa serikali alikuwa ametoka Rabai juzi yake tu, kumwambia kuwa Chengo alikufa vitani mwezi wa kumi. Nilimwangukia miguuni pale pale sokoni, watu wanatazama. Sijapata kuona aibu kama ile.

Basi nikajua ninaowalisha ni kina nani. Jirani yangu Mwanaesha alinishauri nisiwaitikie tena. Ningewezaje? Niliwaita kwa kinywa changu, nikasema wasingoje mara ya pili. Ijumaa iliyofuata niliitika nikisoma dua, nikasukuma sinia.

Ijumaa ya mwisho ya Novemba ilikuja mikono miwili mipya. Mmoja una makovu ya moto, wa fundi bati, huyo Dishon. Wa pili ulikaa upande wa mlangoni, mahali pa mwenyeji. Chini ya kidole gumba una kovu la patasi. Jeraha lake nililifunga mimi kwa kipande cha kanga yangu, damu ikinitiririka mapajani. Kidole cha mwisho kimepinda. Zaidi ya kifundo cha mkono sikuona kitu, nikadhani ni kivuli cha pazia.

Nikaita, "Badawi!" Mkono ukatulia. Kisha ukaendelea kuchezesha vidole kwenye wali, kama baba.

Kwa hiyo usinidanganye. Ndugu yangu amekufa, na kila Ijumaa namlisha. Mwisho wa mwezi wa tatu nitamsomeshea khitma, nguo zake nitazigawa, patasi zake atachukua fundi mwingine. Kama una imani, niambie tu amezikwa wapi.

Mwanatumu binti Kamaludin


Hospitali
16 Februari 1945

Dada Mwanatumu,

Usisomeshe khitma. Ni mimi.

Ulinipiga vidole kwa ubao, kweli. Lakini hukumwambia mtu kwamba siku ile ulilia kuliko mimi, ukanipa kashata ya baba uliyokuwa umeificha ndani ya kinu kibovu, ukaniapisha nisiseme. Sijasema mpaka leo.

Hati hii ni ya mkono wa kushoto. Wa kulia sina. Uliouona ndio huo.

Nilikuficha kwa sababu niliogopa kuuandika. Sasa nakueleza yote. Chengo alipigwa risasi tukivuka mto. Tulirudishwa nyuma, akabaki ng'ambo. Usiku Mung'aro aliniambia, "Koplo, mwenzetu bado yuko kwenye sinia," akaenda kumchukua. Sikumtuma. Sikumzuia pia. Hakurudi. Mwezi uliofuata Dishon alikuwa ananipa mkanda wa risasi mkononi, bomu lilipotuangukia. Yeye na mkono wangu walizikwa shimo moja, mvua ikinyesha.

Afande alikuja kitandani kwangu kunisifu. Akasema hajaona kikosi kinachoshikamana kama changu. Nilitaka kumtemea mate. Nilitaka watu wapendane ili waishi, dada, nikawafunga hata kifo hakikuwafungua. Wamesimama mlangoni kwako na wali mikononi kwa sababu mimi niliwaambia chakula hakijaisha, hatunawi.

Wakubwa wanataka kunileta Mombasa kwa meli. Nimeomba nibaki huku, kuna kazi ya kulinda ghala. Fundi wa nakshi asiye na mkono wa kulia atafanya nini Kibokoni? Akae barazani ahurumiwe? Hata kwenye sinia siwezi kukaa, nitatia mkono wa kushoto chakulani mbele za watu? Naona haya kwako, na kwao naona haya zaidi.

Lakini wao usiwaache hivyo. Ijumaa wakija, wasomee maneno haya kwa sauti. Ni amri yangu:

"Chengo, Mung'aro, Dishon. Koplo anasema chakula kimekwisha. Mmekula kwa adabu na mmenisitiri. Naweni mikono. Chengo aende Rabai, Mung'aro aende kwao Giriama, Dishon apande Taita. Msiningoje."

Nisamehe.
Badawi


Kibokoni, Mombasa
23 Machi 1945

Badawi, babangu,

Nilipofika kwenye kashata nilipiga kelele hata Mwanaesha akaja mbio. Mungu akusamehe kwa miezi hii uliyoniliza! Nimekasirika, nakwambia wazi. Nimefurahi hata siwezi kusimama, na nimekasirika.

Amri yako nimeitekeleza leo. Sikuwa peke yangu. Nilikwenda kwa Nyevu tena, nikamwambia ukweli wote, nikamwambia anitukane akitaka. Alifunga nazi zake kwenye gunia akanifuata.

Baada ya swala ikaja hodi. Tuliitika wote wawili. Nilisukuma sinia, mikono minne ikatokea, na ile baridi. Nyevu alipouona ule mwembamba alitia ncha ya leso kinywani asilie. Nikasoma amri yako. Niliisoma kwa sauti kama koplo.

Vidole vyote vikaacha kucheza.

Nyevu akachukua birika, akapitisha bakuli chini ya pazia. Akammiminia mwanawe taratibu, akimsugua kucha moja moja, akisema naye kwa Kirabai maneno ambayo sikuyauliza maana yake. Maji yaliingia bakulini mekundu kwa udongo wa huko, na punje za wali juu. "Asante mama," ikasema ile sauti, na hakuwa akiniambia mimi. Dishon alinawa akasema "Amina". Mung'aro alinawa mwisho, na huyo bubu wako akasema, "Samaki alikuwa mtamu." Kisha nikasikia komeo la mlango likifunguliwa. Wameondoka, ndugu yangu. Mkeka upande wao umekauka papo hapo. Nyevu amelala kitandani kwangu sasa, anasema ni usingizi wake wa kwanza tangu apewe habari.

Umebaki mmoja. Nilikushikia birika na wewe. Mkono ukarudi nyuma, ukakataa maji. Nikaubembeleza, nikaukaripia, nikauambia wageni wameondoka, wangoja nani tena? Uko pale pale mahali pa mwenyeji, unachezesha vidole. Mpaka naandika haya nauona chini ya pazia. Siuogopi tena. Nimekaa nao tangu adhuhuri, na mwisho nimeelewa kuwa unakungoja wewe.

Mkono wako ushafika nyumbani, Badawi. Aliyebaki ni wewe. Ghala la watu wewe lakuhusu nini? Khitma nimeivunja, nguo zako ziko sandukuni. Abdulghafur nimemwambia mlango wake huenda ukabaki nusu, akasema ataupachika hivyo hivyo. Na la kula usinionee haya. Nilikulisha kabla hujaota meno, ukinitemea uji kifuani.

Njoo.
Mwanatumu


Kambi ya wagonjwa, Mombasa
9 Mei 1945

Dada,

Tumeshuka Kilindini jana. Daktari ananiachia Ijumaa asubuhi.

Nitapiga hodi baada ya swala. Usiulize nani, itika tu. Usikae nyuma ya pazia. Mimi nitakaa mahali pangu, wewe unilishe mpaka nishibe, na mtu akituchungulia dirishani mwache achungulie.

Usiondoe sinia. Nikishiba mimina maji, ninawe mikono yote miwili.

Badawi